Kadi ya Grafiksi au Lori

Sogeeni, maana kesi hii bado haijaamuliwa.

Katika kitongoji cha Mzambarauni, kando ya mto, waliishi watu watatu. Sauda alirusha droni, na picha zake hazikutetemeka hata upepo ukivuma. Mkude alikuwa fundi kompyuta. Akisikiliza feni ya mashine alijua inaumwa nini. Semeni alisoma kipimo cha maji mtoni kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja.

Jumatatu redio ilitangaza mvua kubwa siku ya Ijumaa. Picha za Sauda zingeweza kuunganishwa kuwa ramani ya nyumba zitakazofikiwa na maji. Lakini kadi ya grafiksi, kifaa kinachochakata picha ndani ya kompyuta, ilikuwa kuukuu. Kazi ingechukua siku sita.

Mchango wa wananchi ulitosha kitu kimoja: kununua kadi mpya, au kukodi lori la kuhamisha watu.

"Kadi mpya inamaliza kwa siku moja," alisema Sauda.

"Halafu wazee utawabeba mgongoni?" aliuliza Semeni.

"Na lori lako litamfuata nani, kama hujui maji yanaingia kwa nani?"

"Wanangu, mnagombana na siku zinakwenda," alisema mwenyekiti, Mzee Kibena. Watu wakanyoosha mikono. Lori likashinda.

Sauda akarudi mtoni, akapiga upya picha chache za ukingo wa chini tu, ili mashine isielemewe.

Mkude akafungua kasha la kompyuta, akatoa vumbi, akaelekeza feni ya mezani kwenye kadi. Ilipopata moto aliisimamisha, ilipopoa aliiwasha. Alikaa nayo siku tatu.

Semeni akaleta daftari lake, akaingiza vipimo vya mafuriko yaliyopita. Bila namba zile, ramani ingekuwa picha tu. Kila nyumba ya hatari ilipojitokeza, aliandika jina la mwenyewe.

Alhamisi mchana majina yalifika thelathini na moja. Ilibaki kona moja yenye nyumba nne. Hapo ikatoka harufu ya kuungua, skrini ikawa nyeusi.

"Mkude, washa basi!" alisema Sauda.

"Imekufa, dada."

"Kona ile maji hayajawahi kufika," alisema Semeni. Lori likahamisha familia thelathini na moja.

Ijumaa maji yaliingia nyumba zote hizo, zikiwa tupu. Yakaingia na kona ile. Bi Tausi, mkazi wa kona hiyo, alipanda juu ya bati na mjukuu wake. Waliopolewa Jumamosi, wakiwa hai.

Sasa mchango mpya umekusanywa, na unatosha kitu kimoja tena. Mzee Kibena hataki kura. Amesema aliyefanya kubwa kuliko wenzake ndiye atakayeamua.

Sauda anataka kadi mpya. Semeni anataka lori likodiwe tena. "Kona ile naijua sasa," anasema. Mkude anataka kadi iliyotumika, na pesa itakayobaki iwe ya mafuta ya gari la kuazima.

"Iliyotumika ndiyo iliyotuungulia!" anasema Sauda.

"Iliyotuungulia ndiyo iliyotoa majina thelathini na moja," anajibu Mkude.

Bi Tausi anapita kila asubuhi kuuliza kama wameamua. Milimani kumeanza kunguruma.

Je, wewe ungempa nani uamuzi huu? Na angelipia nini kabla maji hayajashuka kutoka milimani?