Mtambo Usio na Meno

"Mbio husifiwa, breki hushukuriwa."

Bibi Anyambilile aliyasema maneno hayo akipepeta mchele wa harusi. Vijana waliokuwa wakimsaidia walikuwa wanamcheka mwenzao kwa kuendesha pikipiki polepole kama anabeba mayai. Wakadhani ni msemo wa madereva. Bibi akacheka mpaka ungo ukayumba.

"Madereva wameuokota tu njiani," akasema. "Umezaliwa hapa hapa mjini kwetu, kwenye mchele. Kaeni niwaambie ulivyoanza."

Basi ilikuwa hivi.

Katika mji huu kulikuwa na mama mmoja, Bupe, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wauza mchele. Walikuwa wamechoshwa na walanguzi. Mlanguzi alikuja na lori wakati wa mavuno, akataja bei huku ameegemea tairi. Ukikataa, aliondoka zake bila haraka, akijua kesho utamfuata mwenyewe. Bupe akawashawishi wenzake waweke akiba zao pamoja, ili nao wawe wanunuzi na wauzaji wakubwa. Wakakubali, wengine shingo upande. Tangu siku hiyo Bupe hakulala vizuri. Akiba ile ikipotea, wote wangerudi kwenye tairi la mlanguzi, na yeye ndiye atakayekuwa amewarudisha.

Tatizo likawa bei. Wauzaji walikuwa wameanza kutangaza mchele kwa simu, na bei haikutulia. Ukibandika chai imepanda, ukiinywa imeshuka. Hapo Bupe akasikia habari za Lugano, binti aliyesifika kwa kuandika programu za kompyuta. Akamtafuta, wakapatana: atengeneze mtambo wa kusoma bei zote, ununue wenyewe mchele ukiwa rahisi, uuze wenyewe ukipanda, hata kama wenye mali wako shambani wanapalilia.

Lugano akaja. Wanawake walingoja afungue kompyuta waone maajabu. Yeye akaketi sokoni juu ya gunia, akawa anakula vitumbua na kuuliza maswali.

"Mama Bupe, umewahi kukataa mchele wa bei rahisi?"

"Mara nyingi, mwanangu. Rahisi ikizidi naiogopa."

"Unaogopa nini?"

"Sijui mpaka niutafune."

Ndivyo tununuavyo hapa kwetu. Mnunuzi huchota mchele kiganjani, akatia punje kinywani na kuivunja kwa gego. Ikilia "ka!", mchele ni mkavu. Ikinyamaza, una maji ndani, na ukiuweka ghalani utavunda. Lugano akatafuna naye, mkavu na mbichi, mpaka akaweza kutofautisha. Kisha ndipo akafungua kompyuta.

Kazi ikachukua muda. Kila Bupe alipotaka kuonyeshwa mtambo unavyonunua, Lugano alianza kumwonyesha unavyosimama. Mtandao ukikatika, unasimama. Bei ikianguka ghafla kuliko desturi ya msimu, unasimama, unamwita mtu.

Palikuwa na mwanakikundi mmoja, Tusekile, mwanamke mwenye ulimi wa wembe. Akasema, "Gwe! Wewe binti, mimi nimeona magari mengi yakitengenezwa. Hili lenu ndilo la kwanza lenye breki kila mahali na halina injini."

Wenzake wakaangua kicheko. Lugano naye akacheka, akaendelea na kazi.

Siku mtambo ulipoanza, wote waliukusanyikia. Bei ikashuka kidogo, mtambo ukanunua. Ikapanda, ukauza. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara wakaja kuuliza nani ameolewa. Kwa majuma kadhaa sokoni hapakuwa na habari nyingine ila mbio za mtambo wa kina Bupe.

Kisha asubuhi moja, katikati ya mavuno, bei ikaporomoka. Mchele mzuri wa kutazama ukatangazwa kwa bei ya pumba. Kikundi cha jirani kikaanza kununua kwa pupa. Mtambo wa kina Bupe ukasimama kimya. Kwenye simu ya Bupe yakatokea maneno: bei imeanguka kupita kawaida, mtu aende akaangalie. Chini yake palikuwa na kitufe cha kuuambia mtambo uendelee.

"Kibonyeze!" Tusekile akamaka. "Tumengoja bei hii tangu tuzaliwe, na dude lenu linalala!"

"Mwenyekiti, wenzetu wanamaliza mzigo," wengine wakadakia.

Kidole cha Bupe kilikuwa juu ya kitufe. Akakiondoa, akampigia Lugano.

"Mwanangu, mtambo wako umelala."

"Haujalala, mama. Umefika mahali panapotaka meno, na wenyewe hauna."

"Na wenzetu wakiumaliza mchele tukakosa?"

"Hilo linawezekana, sikudanganyi. Kitufe ni chako. Ila mimi nisingekibonyeza kabla mtu hajatafuna."

Bupe akakata simu, akamgeukia Tusekile. "Mwenzetu, wewe una meno makali kuliko sisi sote, kwa chakula na kwa watu. Nenda ghalani kwa muuzaji ukautafune."

Tusekile akaenda mbio, akinung'unika njia nzima. Alirudi akitembea taratibu, ncha ya kanga ameikunja mkononi. Akaikunjua, akampa kila mmoja punje za mchele.

"Tafuneni."

Wakatafuna. Kundi zima la wanawake, magego yakisaga, na hapakusikika hata "ka" moja. Mchele ule ulikuwa umenyeshewa ghalani, ukaanikwa juu juu, ukarudishwa kwenye magunia.

Bupe akaketi chini palepale, simu mapajani. Akiba yote ilikuwa salama.

Waliowahi kununua waliona magunia hayo yakipata joto na kuanza kuvunda kabla juma halijaisha. Kina Bupe wakawapa maturubai yao waanike, wakaokoa walichoweza.

Lugano alipokuja tena, alikuta wamempikia wali na kuku. Tusekile akasimama mbele ya wote.

"Binti yangu, mtambo uliponunua tulikupigia vigelegele. Uliposimama, mimi nilikutukana. Leo nimeelewa. Mtu akikupa mbio, utamsifu barabarani kila akuonaye asikie. Lakini aliyekuwekea breki, huyo utamkumbuka ukiwa umefika nyumbani mzima, watoto wamekula. Ndaga fijo, mwanetu. Asante sana."

Akapiga magoti, mtu mzima yule, akamnawisha Lugano mikono kwa maji ya vuguvugu.

Bibi Anyambilile akapuliza pumba kwenye ungo. "Mkiyasikia sasa," akawaambia vijana, "mjue yalisemwa na mtu aliyeshiba, na akiba yake bado anayo. Mbio husifiwa, breki hushukuriwa."