Kiboko Aliyeazima Kitabu cha Mji Mzima

Paukwa!

— Pakawa!

Nianze?

— Umechelewa!

Hapo kale wanyama walikuwa na mji wao kando ya mto, na mji ulikuwa na maktaba. Mkutubi, Bi Korongo, akapiga mbiu: "Safari hii mji mzima tutasoma kitabu kimoja! Mwezi ukiandama, tukutane tukizungumze." Kitabu kilikuwa kisa cha Kuku aliyeposwa na Mwewe. Nakala zilikuwa chache, zikapita mkono kwa mkono. Swala akisoma, anacheka. Ngiri akisoma, analia. Kila kona swali ni moja: "Je, Kuku atakubali?"

Kila kona, ila kwa Kiboko. Kiboko hakujua kusoma, na aliona haya kusema. Akipita sokoni, kwi-kwi-kwi.

"Mnacheka nini?"

"Kitabu, Bwana Kiboko."

Akipita kisimani, kwi-kwi-kwi.

"Mnacheka nini?"

"Kitabu, Bwana Kiboko."

Wivu ukamwingia. Wanasema wivu hukondesha; yeye aliunenepea.

Asubuhi moja akaingia maktaba, du! du! du!

"Naazima kile kitabu."

"Nakala moja?" akauliza Bi Korongo.

"Zote! Na zilizo majumbani zikusanywe."

Nani abishane na kinywa kile? Zikakusanywa. Kiboko akazirundika ukingoni, akazama majini kuzilinda. Mji ukanuna. Aliyeumia zaidi ni Perere, kanyama kadogo ka mitini, maana alikuwa amebakiza kurasa chache tu amalize. Akamfuata.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Hupati!"

"Sikitaki, bwana. Nakuhurumia tu. Siku ya mkutano wakikuuliza Kuku alijibu nini, utasemaje?"

Kiboko akachungulia huku na huku. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi nisomee. Lakini asisikie mwingine! Nataka nijue mimi peke yangu."

"Wewe peke yako, bwana. Ila umezama, masikio yamejaa maji. Nikinong'ona utasikia?"

"Si upaze sauti, mjinga wee!"

Loo! Kumwambia Perere apaze sauti! Perere ni mdogo, lakini akilia, msitu wa pili unaitika. Akapanda mti, akafungua kitabu: "KRAAA! KUKU ALIKUWA AKIFAGIA UWANJA..." Mji mzima ukaja kwa kunyata, ukajibanza kwenye matete. Wakaja hata wale wasiojua kusoma, ambao nakala zilikuwa zikiwapita mlangoni.

Matete yakacheka, kwi-kwi-kwi.

"Nini hicho?" Kiboko akashtuka.

"Upepo, bwana."

Perere akasoma. Matete yakalia, mff-mff-mff.

"Na hicho?"

"Upepo, bwana."

"Upepo huu nao una wivu!" akasema Kiboko, akafurahi sana.

Perere akasoma mpaka ukurasa wa mwisho, na zile kurasa zake chache akazipata.

Mwezi ukaandama. Kiboko akaja mkutanoni, kifua mbele.

"Maskini nyinyi! Mwisho naujua mimi peke yangu. Sikilizeni muumie. Mwewe akabisha mlango..."

"NGO! NGO! NGO!" mji ukaitikia.

Kiboko akapepesa macho. "Kuku akamwambia..."

"SISI TUMESHAKUWA NDUGU, WANANGU WAMO TUMBONI MWAKO! AKAFUNGA MLANGO, PWAA!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bi Korongo akacheka, Perere akacheka kuliko wote. Kiboko akatimua mbio, akajitosa mtoni, chubwi! Mpaka leo yumo humo, ametoa masikio tu, anasikiliza kama kuna mtu anacheka kitabu bila yeye.

Funzo? Muoneane wivu, wanangu, tena wivu mkubwa! Bila wivu wa Kiboko, nusu ya mji isingesikia hata ukurasa mmoja.

Yangu nimeimaliza, nimeiacha hapo mlipoketi. Mwenye nzuri kuliko hii asinihadithie. Nitamwonea kijicho.