Uwele Uliofungiwa Jikoni

Cha kusifu barazani hakifichwi jikoni. Mmeusikia msemo huu leo ukirushwa mbele ya watu, mkacheka, kisha mkauliza umetoka wapi. Basi kaeni niwaambie. Haukuzaliwa kwenye kicheko. Ulizaliwa kwenye hasira ya mwanamke, na asili yake ni hii.

Katika kijiji cha Mhelule, kwenye nchi kavu ya Wagogo, palikuwa na kikundi kilichojiita Chakula cha Kwetu. Kazi yake ilikuwa kuwarudisha watu kwenye nafaka za uwele na mtama, na mboga ya mlenda, vyakula vinavyoijua ardhi ile. Watu walikuwa wameng'ang'ania mahindi kwa sababu unga wake ni mweupe. Mwaka baada ya mwaka mahindi yalifika kiunoni, mvua ikakatika, yakakauka yamesimama. Kisha wenye mahindi walikwenda kuomba kwa wenye uwele, na wakiisha kushiba waliuita chakula cha maskini.

Sechelela, mjane aliyekuwa mpishi wa kikundi, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwasihi wanawake. "Pandeni uwele," aliwaambia. "Halmashauri inatafuta chakula cha mchana cha shule yetu. Wakija, watakuta uwele wetu uko tayari." Wanawake walimwamini. Waliacha mahindi, wakalima uwele mashamba mazima, wakajaza maghala. Sasa ilibaki Bi Tusekile, msimamizi wa chakula cha shule, aje aonje na kuamua. Akikataa, uwele ungeliwa na wadudu, na Sechelela angewatazamaje wenzake usoni?

Asubuhi ya ugeni, mwenyekiti wa kikundi, Mzee Chilewa, aliingia jikoni akifuatwa na mtu mwenye gunia la mchele na kuku wa kisasa. Chilewa alikuwa mdogo wa marehemu mumewe Sechelela.

"Shemeji, wageni utawapikia wali na kuku," alisema. "Nimeagiza mjini."

"Na uwele niliousaga?"

"Upike, mtakula nyinyi. Mlenda unavutika kama makamasi, mtu wa ofisini ataushikaje? Tusijiaibishe."

"Wewe umekuzwa kwa mlenda huo huo, shemeji."

"Ndiyo maana naujua."

Chilewa ndiye aliyesimama mahali pa mumewe, na mjane wa pale hakubishana na shemeji yake. Sechelela akapika vyote viwili.

Barazani, mbele ya Bi Tusekile na wanakikundi, Chilewa alisimama akausifu uwele mpaka jasho likamtoka. Uwele ndio nguvu ya mifupa, alisema, uwele haubembelezi mvua, uwele ndio sisi. Watu wakapiga makofi. Kisha ukaletwa wali. Desturi ya Mhelule ni kwamba mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue kuwa chakula ni salama na kimetoka moyoni. Chilewa akaonja wali, akatabasamu, akawakaribisha.

Bi Tusekile alitazama sahani, akamtazama yeye. "Mwenyekiti, huo uwele wenyewe uko wapi?"

"Ulikuwa kidogo, mama. Umekwisha."

Kati ya jikoni na baraza palikuwa na mkeka uliotundikwa tu. Sechelela alisikia kila neno, na mbele yake sinia la ugali wa uwele lilikuwa likifuka moshi, zima, halijamegwa. Alibeba sinia na bakuli la mlenda, akausukuma mkeka kwa bega, akaviweka mbele ya Chilewa.

"Umekwisha wapi, shemeji?"

"Sechelela, rudi jikoni. Tutaongea nyumbani."

"Tutaongea hapa hapa. Umeusifu hapa ukapigiwa makofi, kumbe umeufungia kule kama mwenye upele. Wenzangu hawa wameacha mahindi kwa maneno yetu. Wewe ukiuonea haya, nani ataula? Cha kusifu barazani hakifichwi jikoni. Onja."

Chilewa aliutazama ule ugali, akautazama mkono wa shati lake jeupe. "Nimeshiba," akasema.

Bi Tusekile alinawa, akamega tonge, akalichovya, akala. Akamega tena. "Chakula ni kizuri," alisema, "lakini siwezi kuwapa watoto kitu ambacho mwenyekiti wao anakikimbia. Watoto huiga. Watakimwaga." Akaaga, akaondoka.

Sechelela hakulia. Hasira yake ilizidi machozi. Kesho yake yeye na wenzake walimwomba mwalimu mkuu ruhusa, wakabeba vyungu mpaka shuleni, wakapakua bila kungoja halmashauri. Chilewa alikuja mbio.

"Nani kawatuma? Kikundi hakijaamua!"

Sechelela alimpakulia sahani, mlenda juu, akampa mkononi. "Karibu, mwenyeji. Watoto wanakungoja uonje."

Walikuwa wakimngoja kweli. Walikuwa wamenawa, mikono wameiinua, na hakuna aliyethubutu kutangulia desturi. Safari hii hapakuwa na wali wa kumshibisha. Chilewa aliketi kwenye benchi la watoto, akamega. Mlenda ukamteremka mpaka kwenye mkono wa shati. Mtoto mmoja akacheka, kisha wote wakaanza kula.

"Na kesho utakuja," Sechelela alimwambia, bado hajatabasamu. "Na kesho kutwa."

Alikuja. Habari zilipomfikia Bi Tusekile, naye alirudi, akamkuta mwenyekiti kwenye foleni na sahani yake, na siku hiyo hiyo akauchukua uwele wa Mhelule kuwa chakula cha shule. Watoto ndio waliolipeleka neno la Sechelela majumbani, wakiwaambia baba na mama zao, mpaka likaenea.

Basi mkimwona mtu anasimama kukisifu kilicho chake, huku amekisitiri ili wageni wasikione, msimpigie makofi. Mwambieni aonje kwanza. Cha kusifu barazani hakifichwi jikoni.