Acha Chumvi, Nikupe Neno

Hapo zamani, enzi ambazo chumvi haikununuliwa dukani, mtu aliichemsha mwenyewe mpaka moshi ukamtoa machozi, palikuwa na mji uitwao Munyuni. Watu wake wote walikuwa wachemsha chumvi. Mmoja wao ni Mize, na mumewe ni Vuai. Mize alikoroga, Vuai alitia kuni. Vuai akitia kuni, Mize aliimba. Walipendana, siwafichi.

Siku moja Vuai akatua mzigo wa kuni, akauliza, "Mize, hivi haya yote maana yake nini? Tunachota maji ya bahari, tunachemsha, tunapata chumvi. Watu wanaila, inawatoka kwa jasho, mvua inaliosha jasho, linarudi baharini. Nasi tunachota tena."

"Maana yake mchuzi umekolea, bwana wee," Mize akacheka. "Tia kuni."

Lau Vuai naye angecheka, hadithi yangu ingekwisha hapo, tukaenda zetu. Lakini Vuai hakucheka.

Juu ya mji palikuwa na kilima, kilimani pango, na pangoni jini. Ilisemekana kwamba jini yule ana Neno, na ndani ya Neno hilo mna maana ya kila kitu. Sharti lake alilitamka mwenyewe, watu wakamsikia kwa masikio yao: "Acha chumvi, nikupe neno." Basi waliotaka Neno wakaacha chumvi. Na kwa kuwa mtu akishaanza kuacha hajui pa kukomea, wakaacha na nyama, wakaacha na kucheka, wakaacha na kusema. Wakafa mmoja mmoja wakingoja. Alibaki Mzee Faki peke yake, aliyepanda kilima ndevu zikianza kumwota, akazeekea huko bila kumwambia mtu hata hujambo.

Vuai naye akaamua kupanda. Mchemsha chumvi, aache chumvi! Na Mize alikuwa mjamzito.

"Bwana Vuai," akamwambia, "na huyu aliye tumboni?"

"Nikilipata Neno nitarudi nimweleze kwa nini amezaliwa."

"Yeye atataka kujua nani atambeba."

Vuai akambusu kwenye paji la uso, akaenda.

Kila asubuhi Mize alipika uji usio na chumvi, akaupeleka mlangoni mwa pango, akarudi. Alikasirika, akapeleka. Alilia, akapeleka. Tumbo likawa zito, akapeleka. Majirani wakamwambia mwache afe na njaa, na yeye akawaambia mume ni wangu, njaa haiwahusu.

Mtoto akazaliwa. Sasa sikilizeni desturi ya Munyuni. Mtoto hahesabiwi mtu wa mji mpaka atajwe. Anayemtaja humtia punje ya chumvi ulimini, kisha humwambia jina lake sikioni. Kabla ya hapo huitwa Mgeni. Kumtaja ni kazi ya baba. Baba akiwa amekufa hutaja mwingine, na huyo aliyetaja ndiye mwenye mtoto: mtoto huitwa kwake, hukulia mkononi mwake, na ndiye atakayemzika. Lakini Vuai hakuwa amekufa, wala hakuwapo. Wazee wakakuna vichwa wakasema, "Hatuwezi kumtaja mtoto wa mtu aliye hai."

Mtoto akakaa bila jina. Na mgeni, jamani, asipoitwa na mwenyeji huona kwamba hatakiwi. Mgeni wa Mize akaanza kuaga. Akalikataa ziwa la mama. Akaacha kulia. Akawa mwepesi mkononi, na wepesi ule ukamtia Mize hofu ambayo hakuwahi kuijua.

Akafunga chumvi kwenye pindo la kanga, akamweka mtoto kifuani, akapanda kilima na jua la mchana kichwani. Njia nzima alimnong'oneza, "Baki. Baki, mwanangu. Baki."

Siku ile pango lilikuwa likivuma tangu asubuhi, dalili kwamba Neno li karibu kutoka. Vuai na Mzee Faki walikuwa wamekaa mlangoni, kimya, masikio wameyatega gizani. Mize akampigia magoti mumewe.

"Mtaje mwanao. Mtie chumvi, mwambie jina, basi. Ukitaka kurudi kwenye kimya chako, rudi. Nilikulaumu sana, sasa sina nguvu ya lawama. Mtaje tu."

Vuai akamtazama mtoto. Akalitazama giza. Akamtazama mtoto. Machozi yakamshuka, wala hakufungua kinywa.

Aliyenyanyuka ni Mzee Faki. Akafungua pindo la kanga, akatwaa punje moja, akamtia mtoto ulimini. Mtoto akafumbua macho! Mzee akainama sikioni amtaje. Akafungua mdomo, pasitoke kitu. Kimya alichokitunza miaka yote kilikuwa kimeila sauti yake. Kwa fadhaa akaliachia pindo la kanga, na chumvi yote iliyobaki ikamwagika chini.

Macho ya mtoto yakaanza kufumba tena.

"Baki," Mize akanong'ona, sauti imemwishia.

Vuai akalisikia neno lile. Likamtoka kwa ukelele uliotikisa pango: "Baki!"

Mtoto akashtuka. Akalia kilio cha mtu mwenye njaa, akalitafuta ziwa, akanyonya. Mize naye akalia, na hakujificha.

Ndipo wakasikia kitu kikiramba. Jini alikuwa ametoka, mfupi, mkongwe, amepiga magoti anaramba chumvi iliyomwagika.

"Hatimaye!" akasema. "Miaka yote nawaambia acheni chumvi, acheni chumvi, na kila ajaye haniachii hata punje. Huja mikono mitupu, akanikodolea macho!"

"Ulituambia tuiache," Vuai akasema.

"Mniachie! Mimi nitaionja wapi, humu mawe matupu?"

"Na Neno?"

"Neno gani? Neno la shukrani, bwana. Asanteni." Akajiramba vidole, akarudi ndani.

Mzee Faki akaketi chini. Mize hakuweza kumtazama mtu yule akiwa amekaa vile. Akamshika mkono. "Babu, twende. Nyumbani kuna mchuzi."

Wakashuka wote. Mlangoni mwa mji wanawake walikuwa wakingoja. "Mgeni anaitwa nani?"

"Baki," Mize akajibu.

"Baki wa nani?"

Vuai akasema, "Wangu. Nilipofungua kinywa nilikuwa bado naamini kwamba Neno lipo na linakuja. Nililitupa kwa ajili yake. Msinipunguzie kwa sababu halikuwapo."

Mzee Faki akasema, kwa sauti iliyoanza kumrudia, ikikwaruza kwa kutu, "Chumvi nilimtia mimi. Yeye alitupa mavuno ya msimu, mimi nilitupa ya umri wangu wote. Wala sikungoja macho ya mtoto yafumbe. Sina mtu duniani. Nipeni huyu anizike."

Mize akasema, "Jina ni langu. Mlilisikia kwangu." Kisha akaongeza polepole, kwa kuwa hakuwa mwongo, "Ila sikuwa nikimtaja. Nilikuwa nikimwomba."

Wanawake wakamgeukia Mize aamue. Mize akamtazama mumewe, ambaye bado alimpenda, na ambaye alilitazama giza kabla ya kufungua kinywa. Akamtazama mzee, aliyekuwa amemshika mtoto kidole kimoja kana kwamba atanyang'anywa. Akamtazama Baki, aliyeshiba, aliyelala, asiyejua lolote. Jina litakalotoka haligeuzwi tena.

Haya, ninyi mliokaa hapa mnanilia mihogo yangu, tena na chumvi yangu, mjibieni mwanamke wa watu, amesimama mlangoni na mtoto mkononi: Baki wa nani?