Mji wa Nguchiro na Miguu ya Tembo

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa sahani?

— Ya mkubwa, imejaa.

Na kuiosha?

— Zamu ya mdogo.

Basi hapo kale Tembo na Nguchiro walisomea shahada ya uzamili katika chuo cha wanyama, wakifundishwa kupanga miji itakayowafaa hata wajukuu. Mradi wa mwisho ulifanywa wawili wawili. Mji ulichorwa uwanjani kwa majivu, kuta zikafinyangwa kwa udongo, na siku ya kuuwasilisha, aliyepima njia ndiye aliyeutembea mbele ya jopo, toka nyumbani hadi kisimani. Sheria hiyo ilipotangazwa darasani, Tembo alikuwa amesinzia.

Nguchiro akapima, Tembo akala. Nguchiro akachora, Tembo akala. Nguchiro akafinyanga huku wanawe wakimvuta mkia, Tembo akalala, khoro, khoro.

Siku ikafika. Tembo akasema, "Mdogo wangu, mradi huu ni wangu. Wewe utashika kijiti cha kuonyeshea."

Nguchiro akawatazama wanawe. Muda mwingi wa masomo walilelewa na majirani. Arudi nyumbani na kijiti? Lakini kubishana na Tembo ni kukanyagwa.

"Sawa, kaka. Ila usiseme ulipima njia kwa miguu yako. Hapo ndipo penye sifa, niachie mimi."

"Nikuachie sifa?" Tembo akacheka, masikio pwata, pwata.

Mkuu wa jopo, Profesa Korongo, akauliza, "Nani aliyechora?"

"Mimi."

"Nani aliyefinyanga?"

"Mimi."

"Nani aliyepima njia?"

"Mimi, kwa miguu yangu mwenyewe."

"Vizuri. Tupeleke kisimani."

Tembo akainua mguu. Puu, nyumba ya kwanza. Puu, zahanati. Akageuka aombe radhi, makalio yakalaza soko zima.

"Ndiyo miguu iliyopima hiyo?" akauliza Korongo. "Au uliiacha nyumbani?"

Tembo akaitazama miguu yake kama ya kuazima.

Nguchiro akaweka kijiti chini. "Profesa, naomba nijaribu."

Akatangulia, wanawe nyuma, chaka, chaka, chaka, wakakwepa vifusi mpaka kisimani. Hakuna ukuta ulioguswa.

"Wewe ndiye uliyepima," akasema Korongo. "Lakini katika mji wako Tembo apite wapi?"

Nguchiro akafikiri. "Tembo hupita popote, Profesa. Anayehitaji njia ni asiyeweza kubomoa ukuta."

Korongo akakunja mguu mmoja. Kisha akampa Nguchiro shahada yake. Tembo akaambiwa arudi mwakani, na safari hiyo apime.

Fundisho, wanangu, ni kwamba mkubwa hapingwi. Nguchiro alitii. Alishika kijiti, akamwachia mwenzake sifa zote, na mmeona alivyobarikiwa.

Hadithi yangu imefika kisimani. Aliyeielewa aoshe vyombo, asiyeielewa asuuze.