Ndoo Iliyotoka Bomani

"Kabla ya gere, funua ndoo."

Bi Mwantumu aliwatupia wajukuu wake methali hiyo walipokuwa wakimsengenya jirani aliyepata kazi Muskati. Wakaacha kumenya mihogo. Ndoo gani tena, bibi? Naye akawapeleka ilikotoka.

Enzi za Mwingereza, Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alileta Wanyamwezi wamfanyie kazi bomani, akawapa kiwanja kando ya mto, palipokuwa na mashamba ya Wazigua. Wazigua wakavimba. Mzungu hawakuthubutu kumgusa, hivyo chuki yote ikawaangukia wageni.

Kilichowaunguza zaidi ni ndoo. Kila asubuhi Mnyamwezi mmoja, Mihambo, alitoka mlango wa nyuma wa boma na ndoo kichwani, imefunikwa kwa majani ya mgomba, imefungwa kamba, akashuka nayo hadi nyuma ya kambi yao. "Minofu hiyo," watu walisema. "Wanakula na Mzungu!" Shauri likakatwa: Ijumaa, jua likipanda, kambi ichomwe moto.

Sasa Semboja, Mzigua ambaye hakuwahi kupita chungu cha mtu bila kuchungulia, alikuwa na swali moja tu: minofu ya kuchoma au ya mchuzi? Alfajiri ya Ijumaa akajibanza kichakani. Mihambo alipotokea, akamrukia njiani.

"We Mnyamwezi! Leo tunagawana!"

Mihambo akamtazama, akaitua ndoo taratibu. "Kugawana kwa nini, ndugu yangu? Chukua yote."

Semboja akakata kamba, akafunua. Akarudi nyuma hatua saba, mkono puani.

"Choo cha Mzungu?"

"Kila siku. Nikikataa, viboko."

"Na sisi tunasema unakula naye!"

"Yeye anakula," alisema Mihambo. "Mimi nabeba."

Semboja alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikamkauka: alikumbuka mienge ya kuchomea kambi. Akaifunika ndoo, akajitwika mwenyewe, mbio hadi uwanja wa kijiji, ambako wanaume walishaanza kuwasha. Akaitua katikati yao.

"Wazee wangu, minofu ya Mzungu hii hapa, tunayotaka kuwachomea watu nyumba. Nani anaonja?"

Mzee Mhina, mwenye mwenge mkubwa kuliko wote, akafunua kwa pupa. Mwenge ukamdondoka, ukazimikia vumbini. Wenzake wakazima yao wenyewe, macho yameinuka kuelekea bomani.

"Semboja, iondoe!" alifoka Mhina, ameziba pua.

"Mimi tena? Si uliitaka, mzee wangu? Siku nyingine, kabla ya gere, funua ndoo."