Pembe za Nta

Wewe uliyekaa nyuma, umewahi kupaza sauti "ndiyo" huku moyo wako unasema "hapana"? Usiniangalie hivyo. Jibu lako liweke, utalihitaji.

Haya, hadithi ninayo!
— Ilete!
Nikiipinda?
— Tutainyoosha!

Hapo zamani za kale, zamani sana, wanyama wa bondeni walikuwa kundi moja, Kundi la Pembe. Asiye na pembe hakuruhusiwa kuishi bondeni. Mkubwa wao alikuwa Nyati.

Kichakani, ukingoni mwa bonde, waliishi wadogo wasio na pembe: Pimbi, Nungunungu na Mama Kanga, mwenye vifaranga sita. Wakafinyanga pembe za nta ya nyuki, wakazibandika vichwani, wakapokelewa. Wakaanzisha tawi lao, Tawi la Mabadiliko.

"Tutalibadilisha Kundi tukiwa humu humu ndani," alisema Pimbi, mwenyekiti wao. Alilipenda sana neno hilo, ndani. Alilisema kama mtu anayeramba asali.

Siku moja Nyati akatangaza kikao. Alitaka matete ya kidimbwi cha kichakani yakatwe, apate pa kujigaragaza. Kidimbwi hicho ndicho walichonywea wadogo.

"Kesho tunasema hapana," akasema Pimbi. "Sote?"

"Sote, Ndugu Mwenyekiti!"

Kesho yake jua likawaka. Nyati akasema, "Fumbeni macho, kama desturi yetu. Anayekubali aseme ndiyo. Nikimsikia anayekataa, abaki, pembe zake zikaguliwe."

Mama Kanga akahisi nta inalainika utosini. Akawaza, wenzangu wapo, hapana yangu moja itaongeza nini?

"Ndiyo!" akasema.

Bonde likatikisika: ndiyooo! Ubavuni kwake tu, kwa Nungunungu, akasikia kisauti chembamba: hapana. Kikazama.

"Imepita. Kundi!"

"Hoyee!"

Matete yakakatwa.

Kikao cha pili, Nyati akataka njia ya kidimbwini ifungwe. Tawi likakubaliana hapana. Macho yakafumbwa. Mama Kanga akasema ndiyo. Kisauti kikasema hapana, kikazama. Njia ikafungwa.

Kikao cha tatu, Nyati akataka kidimbwi chenyewe. Mama Kanga aliwaacha vifaranga kichakani, midomo wazi kwa kiu. Safari hii nitasema, akajiapia. Macho yakafumbwa. Tone la nta likamdondokea begani.

"Ndiyo!"

Alasiri hiyo Nyati akalala kidimbwini, maji yakawa tope. Kifaranga mmoja akaanguka, akashindwa kuinuka.

Tawi likakutana juani, pembe bado vichwani.

"Kuna msaliti aliyesema ndiyo," akasema Pimbi, pembe zake zimeinama kama masikio. "Nungunungu! Tangu lini mwenye miiba akawa mwenzetu? Atoke kichakani leo hii!"

Nje ya kichaka Chui alikuwa amejilaza, mkia unachezacheza.

"Mwenyekiti, mimi nilikataa!"

"Nani alikusikia?"

Nungunungu akageuka polepole. "Mama Kanga. Mara zote tatu ulikuwa ubavuni kwangu. Nilisema nini?"

Nta ikamtiririka Mama Kanga shingoni, mgongoni, tone kwa tone. Akimtetea, ataulizwa yeye alisema nini. Akinyamaza, Chui atamla Nungunungu.

"Sema, mama," akahimiza Pimbi. "Hukusikia kitu, sivyo?"

Kifaranga akalia kwa mbali, mara moja tu.

"Alisema hapana," akasema Mama Kanga. "Mara tatu. Nilimsikia vizuri. Na mimi ndiye niliyeifunika sauti yake. Nilisema ndiyo. Mara tatu."

Ndiyo maana hadi leo kanga ana madoa mwili mzima, kila palipodondoka nta, na kipembe kimoja kilichobaki kichwani.

Funzo ni hili: ukiingia kwa wakubwa ili uwabadilishe, usimwache mwenzako aseme hapana peke yake. Hapana mbili zingesikika.

Hadithi nimeitua hapo. Mwenye kiu akanywe, mwenye pembe ajikague.